Tisa Waliohamishiwa Texas

Jumatatu, 12 Agosti

Shule imefunguliwa. Mlangoni bado imebandikwa karatasi ya mwaka jana yenye herufi F kubwa kama sahani, alama ya shule iliyofeli, maana sheria inataka kila mzazi aione anapoingia. Wameiona. Baba mmoja alimwambia mwanawe, "Haya, ingia ukajifunze kufeli," akacheka peke yake. Mtoto aliinamisha kichwa.

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na saba nyuma ya kaunta hii. Nimewaandikisha wazazi, sasa nawaandikisha watoto wao. Novemba herufi mpya itatoka. Tukipata F tena, jimbo linatunyang'anya shule na kuikabidhi kwa wageni, na watu wanasema wageni hao wataifunga, watoto wa mji wetu wa Saint Evrard wapandishwe basi mpaka mji wa Gramont, saa nzima na robo kwenda, saa nzima na robo kurudi. Mjukuu wangu Corinne yuko darasa la kumi.

Mwalimu Mkuu, Bwana Fontenette, alisimama getini tangu saa moja asubuhi, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akimwita kila mtoto kwa jina. Ni kijana wa hapa hapa. Aliacha kazi nzuri Houston akarudi kutuokoa. Watu kama yeye ni wachache.

Ijumaa, 16 Agosti

Kiyoyozi cha ofisi kimekufa. Nimewaandikia wilayani barua ya tatu.

Jumatano, 28 Agosti

Leo wilaya imemtuma Bi Castille aje kutueleza herufi zinavyopatikana. Ana tabasamu la mtu anayeuza bima ya mazishi. Miaka yote hii mimi nilidhani ni mitihani tu. Kumbe sehemu kubwa ni hesabu ya waliohitimu. Wanachukua watoto wote walioingia darasa la tisa miaka minne iliyopita, kwetu walikuwa themanini na sita, wanauliza wangapi wamepata cheti.

Hapo ndipo utamu wake ulipo. Mtoto akiacha shule akakaa nyumbani, anabaki kwenye hesabu na anatuvuta chini. Akihamia shule ya jimbo jingine, anafutwa, kama hakuwahi kuketi kwenye dawati letu.

"Kwa hiyo, wapendwa," akasema Bi Castille, "jueni watoto wenu wako wapi."

Bi Hebert, mwalimu wa hesabu, akanyoosha mkono. "Na mtoto mwenyewe, akipotea, yeye anapewa herufi gani?"

"Swali zuri sana. Tutalirudia."

Hatukulirudia. Nilikereka na Bi Hebert. Mama yule ana ulimi wa siki, miaka yote hii hajawahi kunisalimu bila kunisahihisha kitu. Tulikuwa tunataka kwenda kula.

Alhamisi, 5 Septemba

Mkuu amenipa orodha ya majina kumi na tisa, watoto waliotoweka kabla ya kuhitimu. "Nitafutie walipo, Bi Verdine. Wewe unamjua kila mtu mpaka paka wake."

Nimeshinda kwenye simu. Namba nyingi zimekufa. Bibi mmoja akaniambia, "Yuko hapa kalala, nikuamshie?" Nikasema hapana, mama, mwache. Lakini mmoja nimempata Dallas, na shule yake mpya ikanitumia karatasi mchana huo huo. Nilifurahi kama nimeokota pete.

Ijumaa, 13 Septemba

Sita wamepatikana kihalali, kila mmoja na karatasi yake. Kumi na watatu hawajulikani, au wanajulikana na hawakwenda popote.

Jumatano, 18 Septemba

Dhoruba. Shule imefungwa. Maji yamefika ngazi ya pili.

Jumanne, 24 Septemba

Mkuu alifunga mlango wa ofisi, jambo asilofanya. Aliniwekea mezani bahasha ya kaki.

"Tumepiga hesabu na Bi Castille," akasema. "Tukipata tisa zaidi, tunavuka. Tunatoka F."

"Tisa kati ya wale kumi na watatu? Nimetafuta, Mkuu. Wengine nimeongea nao."

"Barua za wazazi zimekuja. Wamehamia Texas."

"Zimekuja lini?"

"Zimekuja, Bi Verdine." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemwomba mgonjwa anywe dawa. "Ingiza tu. Fikiria Corinne ndani ya basi lile alfajiri ya Januari."

Nilifungua bahasha. Barua tisa, kalamu moja ya bluu. Sahihi zilikuwa zimepindwapindwa, hii kulia, ile kushoto, lakini mwandiko huo nimeusoma kila siku kwa miaka mitatu kwenye vikaratasi vya Mkuu: Bi Verdine, naomba hiki, Bi Verdine, naomba kile. Sikusoma majina. Niliangalia namba za wanafunzi tu, kwa makusudi, maana namba haina uso.

Saa nane na dakika kumi nilikuwa nimemaliza. Tisa wamehamia Texas. Vidole vyangu viliifanya kazi hiyo vizuri, bila kosa hata moja.

Jumatano, 25 Septemba

Wali na maharage yaliyobaki. Sikumaliza.

Jumanne, 1 Oktoba

Mavuno yameanza. Mashine zimeingia kwenye miwa na wanachoma majani. Majivu meusi yanaanguka juu ya magari, juu ya nguo kwenye kamba. Kila kitu kina harufu ya sukari iliyoungua. Utotoni niliipenda harufu hii.

Jumanne, 8 Oktoba

Nataka kuandika haya jinsi yalivyokuwa, nisije baadaye nikajipendelea.

Saa nne kasorobo alikuja kijana mrefu, kofia mkononi, viatu vimejaa tope la shambani. Akapangusa miguu mara tatu kabla ya kuingia. Nilimtambua kidogo kidogo: Tavion Narcisse, mtoto wa wale maskini wanaoishi kule mwisho wa bwawa. Aliacha kuja Januari.

"Shikamoo, Bi Verdine. Nimekuja kuuliza kama naweza kurudi. Nimebakiza masomo matatu tu. Bi Hebert aliwahi kuniambia ni matatu."

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Na mzee. Figo zake zilishindwa kufanya kazi. Ilibidi apelekwe kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na mama anafanya kazi, basi nikawa naendesha mimi." Akaizungusha kofia. "Alifariki Julai. Sasa nina nafasi."

Nilimpa pole. Nikageukia kompyuta nikaandika jina lake. Ikatokea: amehamia jimbo jingine, Beaumont, Texas. Nilikuwa nimemhamisha mimi.

Nikamwambia akae kidogo. Nikaenda kwenye kabati la majalada, nikaitoa ile bahasha, na mara hii nikasoma majina. Barua ya tano. *Mimi, Curley Narcisse, nathibitisha kwamba nimehamia Beaumont pamoja na mwanangu Tavion.* Imetiwa sahihi Septemba ishirini.

Curley Narcisse alizikwa Julai.

Nilikwenda kwa Mkuu. Alikuwa anakula sandwichi akisoma kitu. Nikamwambia mtoto wa Narcisse yuko nje, anataka kurudi. Hakuuliza ni nani huyo. Akasema, "Hawezi kurudi sasa, si unaona? Mtu aliye Texas hawezi kuketi darasani kwetu. Wilaya inafunga kumbukumbu tarehe kumi na nane. Mwambie aende madarasa ya watu wazima Gramont."

"Gramont ni saa nzima na robo kwenda, kila jioni."

"Mwambie kwa upole," akasema, akaendelea kutafuna.

Nikarudi kwenye kaunta. Nilimwambia kijana yule kwamba umri wake umepita, kwamba kanuni zimebadilika, kwamba aende Gramont. Nilimwandikia hata namba ya simu. Nilitabasamu. Nadhani nilikuwa na tabasamu la Bi Castille.

"Sawa," akasema. "Asante, Bi Verdine, kwa kunisaidia."

Niliirudisha ile bahasha kabatini.

Jumatano, 9 Oktoba

Majivu. Nimefua mashuka upya.

Ijumaa, 11 Oktoba

Timu yetu imeshinda. Mkuu alicheza ngoma na bendi mbele ya jukwaa, watu wakamshangilia. Mwezi uliopita ningesema ni mtu wa watu. Leo nilimtazama akiita watoto kwa majina, "Wewe Pee-Wee, wewe Darnisha," na nikajiuliza anayajua majina ya nini kama hajui nani kafiwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Bi Hebert ameingia ofisini bila kubisha, kama kawaida yake, na vumbi la chaki kwenye sketi.

"Nimemwona Tavion Narcisse pale mizani ya kiwanda cha sukari, anapima malori. Anasema ulimwambia hapa hana kiti."

"Kanuni, Bi Hebert."

"Kanuni ipi? Mimi nina viti sita vitupu kipindi cha pili. Nakaa navitazama."

Akainama juu ya kaunta, macho yake ya kijivu hayapepesi. "Verdine, mtoto yule alikuwa akinitumia kazi zake kutoka hospitali, amezipiga picha kwa simu juu ya goti, mashine inanguruma pembeni. Curley alipokufa niliwapelekea keki. Sikutegemea kukuona msibani, hukuwajua. Lakini nilitegemea ukimwona umfungulie mlango."

Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nilitoa ile barua nikampa. Akaisoma amesimama. Akaigeuza nyuma, kama anayetafuta jibu la fumbo, kisha akairudisha kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoshika panya kwa mkia.

"Ziko ngapi?"

"Tisa."

"Na wewe ndiye uliyeziingiza."

"Ndiyo."

Nilingoja anisahihishe. Akasema tu, "Basi una hadi Ijumaa," akaenda zake. Miaka yote hii nimemwita siki. Siki ndiyo inayosafisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimezungumza na Mkuu. Mlango niliufunga mimi.

"Nataka kuwarudisha wale tisa," nikasema. "Na nataka kumwandikisha Tavion."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisugua macho akasema, "Unajua Gramont wana B? Unajua kwa nini? Kwa sababu watoto wao wana baba wenye bima na mama wasiofanya kazi za zamu. Hesabu hii ilikuwa chafu kabla sijaigusa, Bi Verdine. Wanapima umaskini wetu, wanauita kufeli kwetu. Mimi nimewapa tu namba wanazozitaka."

"Pengine. Lakini umeweka sahihi ya maiti."

Akanitazama.

"Curley Narcisse amekufa Julai, Mkuu."

Nilimwona akitafuta kichwani mwake, akimtafuta mtu huyo, na hampati. "Sikujua," akasema.

"Mwanawe alikaa nje ya mlango wako wiki iliyopita, wewe unakula."

Halafu akasema neno lililonimalizia heshima yote niliyobakiza kwake: "Basi barua hiyo moja tuibadilishe. Iandikwe na mama yake."

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimewarudisha wote tisa. Wameacha shule, ndiyo ukweli wao. Tavion nimemwandikisha upya, masomo matatu, kipindi cha pili kwa Bi Hebert. Nilimpigia simu mizani. Kelele za malori zilikuwa nyingi, ikabidi nirudie mara mbili. Nikamwambia pia kwamba safari ile nilimdanganya. Akauliza aje saa ngapi.

Mkuu nimemwachia kikaratasi mezani: nimesahihisha kumbukumbu, Verdine Guillory.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tavion amekaa darasani. Zamu yake kiwandani inaanza saa tisa mchana. Mkuu amenipita koridoni akasema habari za asubuhi. Nikajibu nzuri.

Jumatano, 6 Novemba

Herufi zimetoka. Tumepata D.

Kengele iligongwa, watoto wakatoka nje, maputo ya bluu na dhahabu yalikuwa tayari yamejazwa hewa. Nani hujaza maputo kabla ya matokeo? Bi Castille alikuja na keki yenye D ya sukari juu yake. Watu wazima, wenye shahada, walikuwa wanapiga picha na D. Mchungaji aliomba. Corinne alinikumbatia, "Bibi, hatupandi basi," nami nikamkumbatia, mwili wangu umekuwa kama gogo.

Watu walipokuwa wanakata keki nilirudi kwenye kompyuta. Tisa wako Texas. Wamerudishwa huko Oktoba kumi na nane, saa kumi alasiri, na jina la aliyeingiza ni langu. Neno langu la siri nilimpa Mkuu mwenyewe mwaka wake wa kwanza, nilipolazwa kwa upasuaji, na sikulibadilisha. Saa kumi ile mimi nilikuwa kwa daktari wa meno.

Na Tavion? Yupo kipindi cha pili, anatatua milinganyo. Kwenye karatasi hayupo. Anaweza kufaulu masomo matatu kwa alama mia, hakuna atakayempa cheti, kwa sababu yuko Beaumont na baba yake.

Mkuu alikuja ofisini na sahani. "Kula keki, Bi Verdine. Umeifanyia kazi."

Nilimwambia aiweke. Iko pale bado, inzi wameshaiona.

Alhamisi, 7 Novemba

Baada ya kazi nimekwenda kwa Bi Hebert. Nyumba yake ina vitabu mpaka bafuni. Tumenakili barua tisa, ukurasa wa kumbukumbu na saa zake, na cheti cha kifo cha Curley alichotuazima mjane wake. Mama yule aliisoma barua ya mumewe polepole, akasema, "Curley hakuwahi kuandika herufi nzuri hivi," akatukabidhi cheti.

Maelezo nimeandika mimi. Nimeandika pia kosa langu la Septemba, na siku, na saa. Bi Hebert alisahihisha mkato mmoja.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeipeleka posta, kwa wakaguzi wa jimbo. Imesajiliwa. Mvua baridi.

Alhamisi, 21 Novemba

Wamekuja wawili, mwanamume na mwanamke, makoti marefu. Wamekaa na mimi saa tatu. Yule mwanamke aliniuliza kwa nini niliingiza mara ya kwanza. Nikasema niliambiwa. Akangoja. Nikasema niliogopa basi. Akangoja tena. Nikasema kwa sababu sikutaka kusoma majina. Hilo akaliandika.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani safu yetu ilikuwa na mimi na mkoba wangu. Corinne alikaa na rafiki zake, mbele.

Jumanne, 3 Desemba

Wakaguzi wamesahihisha kumbukumbu, na herufi imekuwa F. Bwana Fontenette amejiuzulu. Bi Castille, nasikia, amehamishiwa kitengo kingine, na tabasamu lake. Jimbo litaichukua shule Julai. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na nimelitia sahihi, maana ni la haki.

Mkuu alikuja kuchukua vitu vyake, maboksi mawili. "Ningepewa mwaka mmoja tu zaidi," akasema. Pengine ni kweli. Ni yeye aliyepaka rangi madarasa yale kwa mikono yake, Jumamosi. Nilimshikia mlango kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa.

Corinne hasemi na mimi. Jana amesema sentensi moja: "Bibi, umewachagua watu wa bwawani ukaniacha mimi." Nilimwambia wao pia ni watu wetu. Alipandisha sauti ya redio.

Simu ofisini inalia. Mtu anatukana, anakata. Sauti nyingine nazijua. Niliwaandikisha.

Jumatatu, 16 Desemba

Mashine za miwa zimenyamaza upande wa mashariki. Siku nne zimebaki muhula uishe.

Alhamisi, 19 Desemba

Tavion amemaliza. Hesabu amepata B. Bi Hebert anasema ilikuwa iwe A, lakini anaandika saba kama moja.

Alikuja kwenye kaunta saa saba na nusu, tayari amevaa nguo za kiwandani. Nikampa cheti. Alikishika kwenye kingo zake kwa uangalifu, akaomba bahasha ngumu, kisichafuke kwenye lori.

"Bi Verdine, ile kompyuta yako sasa inasema niko wapi?"

Nikaigeuzia upande wake. Akainama akasoma: *Narcisse, Tavion. Saint Evrard. Amehitimu.* Akasoma tena, midomo ikitembea.

"Na wale wengine wanane?"

"Wameacha shule, inasema. Wako hapa hapa."

"Nawajua watatu," akasema. "Wawili niko nao zamu moja. Wakija, utawaandikisha?"

"Wakija kesho, nitawaandikisha kesho."

Akaitia bahasha ndani ya koti, akaifunga zipu hadi shingoni, akaenda kuwahi zamu.

Nimetoa fomu mbili nikaziweka juu ya kaunta, na kalamu.